Namna ya kukokotoa shinikizo na mtiririko wa damu katika mishipa midogo

Watu wawili wanaweza kupimwa presha siku moja, wote wakapata 120 kwa 80, na bado kiasi cha damu kinachofika kwenye misuli, ngozi na figo zao kikatofautiana sana. Namba hiyo hueleza msukumo uliomo katika ateri kubwa ya mkono, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka kwenye moyo. Haielezi ni damu kiasi gani inapita. Ili kutoka kwenye msukumo kwenda kwenye mtiririko ni lazima ujue ukinzani wa njia, na sehemu kubwa ya ukinzani huo imo katika mishipa ambayo macho hayaioni. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya safari hiyo kwa kalamu, karatasi na kikokotoo cha kawaida. Msomaji anahitaji tu kujua kuzidisha, kugawanya na kutumia vipeo vya kumi. Hesabu zenyewe ni za kuelewa jinsi mwili unavyofanya kazi, na hazichukui nafasi ya vipimo vya daktari.

Kuandaa vipimo

Anza kwa kutafuta wastani wa shinikizo. Moyo uliotulia hutumia takriban theluthi mbili za kila pigo ukiwa umelegea na theluthi moja ukisukuma, kwa hiyo wastani hauko katikati ya namba mbili bali uko karibu zaidi na ile ya chini. Toa namba ya chini kutoka kwa ya juu, gawanya tofauti hiyo kwa tatu, kisha ongeza jibu kwenye namba ya chini. Kwa 120 na 80 tofauti ni 40, theluthi yake ni 13 na kidogo, na wastani ni 93. Namba hii ya 93 ndiyo tutakayoitumia mpaka mwisho.

Kizio chake ni milimita za zebaki. Mtafiti Stephen Hales, aliyetangaza majaribio yake nchini Uingereza mwaka 1733, aliunganisha bomba la kioo na ateri ya farasi akaona damu ikipanda futi zaidi ya nane, kimo ambacho ni cha shida kukipima ndani ya chumba. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, ndiyo maana daktari Mfaransa Jean Poiseuille alipoitumia mwaka 1828 katika bomba lililopindwa, safu ndefu ya damu iligeuka kuwa safu fupi inayosomeka kwa rula. Kizio kimebaki, lakini hakifai kuingizwa moja kwa moja katika kanuni za fizikia. Zidisha kila milimita ya zebaki kwa 133.3 upate paskali, kizio cha shinikizo kinachotumika katika fizikia. Milimita 93 za zebaki ni takriban paskali 12,400.

Hakikisha pia kwamba kipimo chenyewe kilichukuliwa mkono ukiwa usawa wa moyo. Damu ina uzito, na kila sentimita ambayo mkono umeshuka chini ya moyo huongeza takriban milimita 0.78 za zebaki. Mkono uliolegezwa sentimita 10 chini ya moyo utaongeza karibu 8 ambazo hazikutoka kwenye moyo wala kwenye mishipa. Hata hivyo, uzito huo hauisukumi damu mbele. Mtu anaposimama, ateri ya mguu wake iliyo mita 1.3 chini ya moyo hupata nyongeza ya takriban milimita 100 za zebaki, na vena iliyo kando yake, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, hupata nyongeza ileile, kwa hiyo tofauti kati ya mbili hizo inabaki kama ilivyokuwa. Kinachosukuma damu ni tofauti ya shinikizo kati ya mwanzo na mwisho wa njia. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu makosa mengi ninayoyaona katika hesabu hizi huanzia hapa: mtu huchukua shinikizo la mahali pamoja na kulitumia kana kwamba ni tofauti kati ya mahali pawili.

Vipimo vya mishipa vigeuze vyote viwe mita kabla hujafanya lolote. Mikrometa moja ni 10⁻⁶ ya mita. Nusu kipenyo cha mshipa kitapandishwa hadi kipeo cha nne, kwa hiyo kosa dogo katika hatua hii halibaki dogo. Ukitumia kipenyo kizima mahali pa nusu kipenyo, jibu lako litakuwa kubwa kuliko sahihi mara 16.

Kanuni na mfano wake

Poiseuille alitaka kujua damu inavyopita katika mishipa myembamba, lakini alifanya vipimo vyake kwa kupitisha maji katika mirija myembamba ya kioo. Mhandisi Mjerumani Gotthilf Hagen alifikia jibu hilohilo peke yake mwaka 1839, na Poiseuille akatangaza lake katika miaka ya mwanzo ya 1840. Kanuni huandikwa hivi:

Q = π × ΔP × r⁴ ÷ (8 × η × L)

Hapa Q ni mtiririko, yaani ujazo unaopita kila sekunde. ΔP ni tofauti ya shinikizo kati ya ncha mbili za mshipa. Herufi r ni nusu kipenyo. Herufi η ni mnato wa damu, yaani kiasi inavyokataa kutiririka. Na L ni urefu wa mshipa. Ukiongeza msukumo mara mbili, mtiririko unaongezeka mara mbili. Ukiongeza urefu au mnato mara mbili, mtiririko unapungua kwa nusu. Ukiongeza nusu kipenyo mara mbili, mtiririko unaongezeka mara 16.

Sababu ya kipeo cha nne inafaa kueleweka kuliko kukaririwa. Tabaka la damu linalogusa ukuta wa mshipa halisogei kabisa, tabaka linalofuata husogea polepole, na kasi huongezeka kuelekea katikati. Mshipa unapopanuka mambo mawili hutokea kwa pamoja: eneo la kupitisha damu huongezeka kwa mraba wa nusu kipenyo, na katikati ya mshipa husogea mbali zaidi na ukuta unaoizuia, hivyo kasi nayo huongezeka kwa mraba wa nusu kipenyo. Mraba ukizidishwa kwa mraba hutoa kipeo cha nne.

Sasa chukua mshipa mmoja. Baina ya ateri za kawaida na kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, kuna ateri ndogo kabisa ambazo hapa nitaziita vijiateri. Kuta zao zina misuli laini inayoweza kujibana na kulegea. Tuseme kijiateri chetu kina nusu kipenyo cha mikrometa 15, urefu wa milimita 1, na shinikizo linashuka kwa milimita 10 za zebaki kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Mnato tutauweka kuwa paskali-sekunde 0.0025, na sababu ya kuchagua namba hiyo itaelezwa baadaye.

Tofauti ya shinikizo ni 10 × 133.3, yaani paskali 1,333. Nusu kipenyo kwa kipeo cha nne ni 15 × 15 × 15 × 15, ambayo ni 50,625, na vipeo vya kumi vinatoa 10⁻²⁴, kwa hiyo tunapata 5.06 × 10⁻²⁰. Zidisha kwa 1,333 na kwa 3.1416 upate 2.12 × 10⁻¹⁶. Sehemu ya chini ni 8 × 0.0025 × 0.001, ambayo ni 2 × 10⁻⁵. Gawanya, na mtiririko unakuwa 1.06 × 10⁻¹¹ ya mita za ujazo kwa sekunde, au takriban sehemu moja ya mia ya milimita moja ya ujazo kila sekunde.

Namba kama hiyo haisemi chochote kwa macho, kwa hiyo usiiamini kabla ya kuigeuza kuwa kasi. Gawanya mtiririko kwa eneo la mkato wa mshipa, ambalo ni π × r², yaani 7.07 × 10⁻¹⁰ ya mita za mraba. Jibu ni mita 0.015 kwa sekunde, sawa na milimita 15. Kasi ya damu katika vijiateri vya ukubwa huu huhesabiwa kwa milimita kadhaa hadi makumi ya milimita kwa sekunde, hivyo jibu linakubalika. Kama ungepata mita 15 au mikrometa 15, ungejua mara moja kwamba kizio fulani kimekosewa. Mimi huona ukaguzi huu wa kasi una thamani kuliko kurudia hesabu yote mara tatu.

Baada ya hapo huna haja ya kurudia kanuni nzima kila mshipa unapobadilika, kwani uwiano unatosha. Kijiateri kikijibana kwa asilimia 20, nusu kipenyo kinakuwa 0.8 ya kile cha awali, 0.8 kwa kipeo cha nne ni 0.41, kwa hiyo kimepoteza asilimia 59 ya mtiririko wake. Kikipanuka kwa asilimia 20, 1.2 kwa kipeo cha nne ni 2.07, na mtiririko umeongezeka maradufu. Hivi ndivyo msuli unaofanya kazi unavyojipatia damu zaidi bila mwili kulazimika kupandisha shinikizo la ateri kwa kiwango hichohicho.

Kutoka mshipa mmoja hadi mtandao

Mshipa mmoja hauishi peke yake. Ili kuhesabu mtandao, geuza kila mshipa kuwa ukinzani: gawanya tofauti ya shinikizo kwa mtiririko. Mishipa inayofuatana, mmoja nyuma ya mwingine, ukinzani wake hujumlishwa. Mishipa iliyo sambamba hugawana mtiririko, na kama yote inafanana, ukinzani wa pamoja ni ukinzani wa mmoja ukigawanywa kwa idadi yake.

Kanuni hizi mbili zinatatua fumbo ambalo huwatatiza wengi. Kapilari ni nyembamba kuliko vijiateri, na kwa kipeo cha nne mtu angetarajia kwamba ndizo zenye kizuizi kikubwa zaidi. Linganisha kijiateri chetu na kapilari yenye nusu kipenyo cha mikrometa 3 na urefu wa nusu milimita, mnato ukiwa uleule. Nusu kipenyo kimepungua mara tano, jambo linalozidisha ukinzani mara 625, na urefu umepungua kwa nusu, kwa hiyo kapilari moja ina ukinzani mara 312 kuliko kijiateri. Lakini kijiateri hakilishi kapilari moja. Kwa matawi na vitawi vyake, tuseme kinafikisha damu kwenye kapilari 625 zilizo sambamba: gawanya 312 kwa 625, na ukinzani wa kapilari zote kwa pamoja unakuwa nusu tu ya ule wa kijiateri. Mahali kijiateri kilipotumia milimita 10 za zebaki, kapilari zote zitatumia 5. Kagua kwa kasi tena: gawanya 1.06 × 10⁻¹¹ kwa 625, kisha kwa eneo la kapilari moja, upate takriban milimita 0.6 kwa sekunde, kasi inayolingana vizuri na ile inayoonekana kwa hadubini katika kapilari zilizo hai.

Mwili mzima hufuata mpangilio huohuo. Chora mstari na uandike juu yake shinikizo la kila kituo: takriban 93 katika aota (ateri kuu inayotoka kwenye moyo), 85 mwanzoni mwa vijiateri, 35 mwishoni mwa vijiateri, 15 mwishoni mwa kapilari, na tuseme 3 damu inaporudi kwenye chumba cha kulia cha moyo. Msukumo wote unaotumika ni 90, na kati ya hizo 50 zimetumiwa na vijiateri peke yake, yaani zaidi ya nusu. Mtiririko kamili wa mtu mzima aliyepumzika ni kama lita 5 kwa dakika, kwa hiyo ukinzani wa njia nzima ni 90 gawanya kwa 5, yaani milimita 18 za zebaki kwa kila lita moja kwa dakika.

Mstari huo pia unaeleza kwa nini kapilari ni mahali pa kubadilishana vitu. Lita 5 kwa dakika ni sentimita za ujazo 83 kwa sekunde. Aota yenye kipenyo cha sentimita 2.5 ina eneo la karibu sentimita za mraba 4.9, na kasi ya wastani ndani yake ni sentimita 17 kwa sekunde. Kapilari zote zikijumlishwa zina eneo linalokadiriwa kuwa sentimita za mraba 2,500, na damu ileile inapopita humo kasi yake hushuka hadi theluthi moja ya milimita kwa sekunde. Katika kapilari yenye urefu wa nusu milimita hadi milimita moja, chembe ya damu ina sekunde moja na nusu hadi tatu za kutoa oksijeni, muda ambao unatosha.

Kuchagua mnato ulio sahihi

Maji yana mnato usiobadilika katika joto lileile. Damu haiko hivyo, kwa sababu karibu asilimia 45 ya ujazo wake ni chembe nyekundu. Katika mshipa mkubwa tumia paskali-sekunde 0.003 hadi 0.004. Plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe, peke yake ina 0.0012 hivi. Katika mishipa yenye kipenyo cha chini ya milimita 0.3, namba ya mshipa mkubwa haifai tena. Watafiti Wasweden Fåhræus na Lindqvist walionyesha mwaka 1931 kwamba kadiri mrija unavyozidi kuwa mwembamba, damu hupita kana kwamba mnato wake umepungua. Chembe nyekundu hukusanyika katikati ya mrija na kuacha karibu na ukuta tabaka jembamba la plazima, nalo hufanya kazi kama mafuta ya kulainisha mahali ambapo msuguano ni mkubwa zaidi. Ndiyo sababu kwa kijiateri chenye kipenyo cha mikrometa 30 tulichagua 0.0025 badala ya 0.0035.

Mnato huu unaoonekana hufika chini kabisa kwenye kipenyo cha mikrometa 6 hadi 8, ukiwa juu kidogo tu ya ule wa plazima. Chini ya hapo hupanda ghafla, kwani chembe nyekundu yenye upana wa mikrometa 8 lazima ijikunje ili ipenye, na zote hupita kwa mstari mmoja. Humo kanuni ya Poiseuille hutoa makadirio tu, maana inadhani kimiminika ni kitu kimoja kisicho na chembe. Inadhani pia kwamba mtiririko ni tulivu na hauna mapigo. Katika mishipa midogo sharti la utulivu hutimia kwa urahisi mno, kwa kuwa namba ya Reynolds, inayolinganisha mwendo wa kimiminika na mnato wake, ni kama 1,300 katika aota lakini haifiki hata 1 katika kijiateri chetu. Mapigo nayo yamefifia sana damu inapofika huko. Kwa maneno mengine, kanuni hii ina makosa makubwa katika aota, na hufanya kazi vizuri katika vijiateri, ambako ndiko tunakoihitaji zaidi.

Kapilari haipasuki

Swali moja huulizwa mara kwa mara: ukuta wa kapilari una unene wa seli moja, unawezaje kuhimili shinikizo la milimita 25 za zebaki? Tumia kanuni ya Laplace, inayosema kwamba mvutano ndani ya ukuta wa mshipa ni shinikizo ukizidisha kwa nusu kipenyo. Aota yenye shinikizo la milimita 100 na nusu kipenyo cha sentimita 1.25 ina mvutano wa takriban nyutoni 167 kwa mita. Kapilari yenye milimita 25 na nusu kipenyo cha mikrometa 4 ina takriban nyutoni 0.013 kwa mita, yaani pungufu zaidi ya mara elfu kumi. Wembamba wenyewe ndio unaoilinda, na kanuni hiyohiyo ndiyo inayoufanya uvimbe wa aota uwe wa hatari zaidi kadiri unavyotanuka.

Kurudi kwenye namba ya mashine

Sasa tumia yote haya kwa presha. Tuseme vijiateri vyote vya mwili vimejibana kwa asilimia 5 tu na moyo umeendelea kusukuma lita 5. Nusu kipenyo cha mikrometa 15 kimepungua kwa 0.75, chini ya sehemu moja ya kumi ya upana wa chembe nyekundu. 0.95 kwa kipeo cha nne ni 0.81, kwa hiyo ukinzani wa vijiateri umepanda kwa asilimia 23, na zile milimita 50 ambazo vijiateri vilikuwa vikitumia zimekuwa 61. Wastani wa shinikizo lazima upande kutoka 93 hadi 104 ili mtiririko ubaki uleule.

Fanya pia hesabu kinyume chake, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Chukua mtu mwingine ambaye wastani wake ni 93 vilevile, lakini moyo wake umedhoofika na unasukuma lita 3.5 tu kwa dakika. Sehemu za njia zisizokuwa vijiateri zilitumia milimita 40 kwa lita 5, hivyo kwa lita 3.5 zitatumia 28. Ili jumla ibaki 90, vijiateri lazima vitumie 62. Ukinzani wa vijiateri ulikuwa 50 gawanya kwa 5, yaani 10. Sasa ni 62 gawanya kwa 3.5, yaani 17.7. Umeongezeka mara 1.77. Tafuta kipeuo cha pili cha 1.77, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo, upate 1.154, gawanya 15 kwa namba hiyo, na nusu kipenyo ni mikrometa 13. Mikrometa mbili, takriban unene wa chembe nyekundu moja iliyolala ubavu, zimetosha kuficha upungufu wa asilimia 30 ya damu, na mashine ya presha imesoma namba ileile kwa wote wawili.